Nakshi yangu ya kwanza: kingo zinamomonyoka na ua linafanana na biskuti. Nijirekebishe vipi?

Mwanagenzi wa Tanga aliuliza:

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 31, kazi yangu ya mchana ni ya ofisini, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijifundisha mwenyewe kuchonga nakshi za kuinuka, yaani zile ambazo ua au jani hubaki juu na mbao inayolizunguka huchimbwa ikashuka. Tamaa hii ilinipata Pangani, nilipokaa kwenye baraza la nyumba moja ya zamani nikimsubiri mtu, nikajikuta nimetumia karibu saa nzima nikitazama mwimo mmoja tu wa mlango, jinsi mashina yake yalivyopanda yakipishana bila kuonyesha mahali yalipoanzia.

Nilirudi nyumbani nikanunua patasi sita za bei nafuu, nikachukua kipande cha mvule alichokibakiza fundi aliyenitengenezea fremu ya dirisha, nikachora kwa bikari waridi lenye petali nane ndani ya duara la sentimita 14. Nimelichonga waridi hilo mara tatu, na mara zote tatu nimeshindwa kwa namna ileile.

Kwanza, kingo za petali humomonyoka. Ninasimamisha patasi wima juu ya mstari, ninaipiga kwa nyundo, na ncha ya petali huruka kama ukoko wa mkate. Pili, sehemu ya chini, ambayo mimi huiita sakafu ya nakshi kwa kukosa jina bora, hubaki na mawimbi. Ninaposawazisha bonde moja, lingine hutokea, na nisipoangalia nimeshachimba nusu ya unene wa ubao. Tatu, hata pale ambapo hakuna kilichovunjika, ua langu halina uhai. Linafanana na biskuti iliyokatwa kwa kopo na kubandikwa juu ya ubao. Nne, patasi hupoteza makali upesi mno, na juzi nilikutana ndani ya mvule na kitu kigumu cheupe kama jiwe, kikamega ncha ya patasi yangu bora.

Ninanoa kwa jiwe la visu la jikoni, ninapigia nyundo ya chuma ya misumari, na ninafanyia kazi barazani baada ya magharibi, chini ya taa ya dari. Ninaomba mnieleze nianzie wapi kujirekebisha, kwa kuwa sina karakana ya karibu ambayo ingenipokea mtu wa umri wangu kama mwanafunzi.

Mzee Bobari alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, nimesoma maelezo yako mara mbili, na ninakushukuru kwa kueleza mambo yenyewe badala ya kusema tu kwamba kazi haipendezi. Nilianza kushika patasi nikiwa mvulana wa kuokota maranda katika karakana ya mjomba wangu hapa Unguja, na ninaona kwamba mengi katika matatizo yako yana mzazi mmoja: patasi zako hazina makali. Ninajua utasema zinakata, maana umetuambia unachimba hadi nusu ya ubao. Panga butu nalo hukata ukilipiga vya kutosha.

Fanya jaribio hili kabla ya kugusa ubao mwingine. Chukua kipande cha msonobari, ambao ni mti laini, ukikate kwa kukatiza nyuzi, kwa nguvu ya mikono tu bila nyundo. Mfereji ukibaki unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta, patasi iko tayari. Ukiona michirizi myeupe, kila mchirizi ni pengo dogo kwenye makali. Nyuzi zikilala na kung'oka badala ya kukatika, acha kila kitu ukanoe. Watu hudhani kwamba mti laini hauhitaji makali, na ukweli ni kinyume chake: mti laini hubonyea mbele ya chuma butu, ilhali mti mgumu hukuvumilia kidogo.

Jiwe la jikoni linatosha kuondoa mapengo makubwa, lakini huacha makali yenye meno. Tafuta kipande cha kioo kinene, kilaze juu ya meza, na ubandike juu yake msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1200, na ukipata 2000 ni bora zaidi. Sukuma mteremko wa patasi, yaani ule upande ulioinama kuelekea makali, juu ya msasa bila kuubembeza, mpaka uuone unyuzi mwembamba wa chuma ukijikunja upande wa pili. Ndipo unapojua kwamba umefika kwenye ncha yenyewe. Bobari, yaani patasi yenye mdomo uliopinda, inahitaji kuzungushwa taratibu kadiri unavyoivuta ili mteremko wote uguse, na upande wake wa ndani usafishwe kwa msasa uliozungushiwa kijiti cha mviringo. Maliza kwa mkanda wa zamani wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao na kupakwa dawa ya kung'arishia vyuma, ukiivuta patasi kurudi nyuma tu, kwa sababu ukiisukuma mbele utaukata mkanda. Ukishakuwa na mkanda huo, huhitaji kurudi kwenye msasa kila siku. Vuta mara 15 au 20 kila baada ya nusu saa ya kazi.

Kuhusu pembe ya mteremko, patasi za useremala wa kawaida huuzwa zikiwa na digrii 25 hadi 30, na kwa mvule hiyo inafaa. Huhitaji kifaa cha kupimia: urefu wa mteremko ukiwa mara mbili ya unene wa chuma, pembe ni digrii 30, ukiwa mara mbili na nusu, ni karibu digrii 24. Na ukitumia mashine ya kunolea, chovya chuma majini kila baada ya kugusa, kwa maana ncha ikigeuka rangi ya buluu imekwisha kulainika, na sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka uisage yote iishe.

Sasa nije kwenye kingo zinazoruka. Patasi ni kabari. Unapoisimamisha juu ya mstari wenyewe na kuipiga, unene wake unasukuma mbao pande zote mbili, na kwa kuwa upande wa nje umejaa mbao nzito isiyosogea, petali ndiyo inayosogea. Kwa hiyo mpe kabari mahali pa kukimbilia. Chora kwanza mfereji kwa patasi ya pembe, ile yenye umbo la herufi V, milimita mbili nje ya mstari wako. Shusha sakafu kidogo kuelekea mfereji huo. Ndipo urudi kwenye mstari kamili, na sasa ule ukanda mwembamba wa nje ndio utakaovunjika, nao haukuwa na kazi yoyote. Shuka kwa hatua za milimita tatu, si kwa pigo moja, na uilaze patasi kidogo ili ukuta wa petali uwe na mteremko wa kutoka nje, mpana chini kuliko juu. Mwanafunzi anayechimba chini ya petali mapema hujikuta amelikata ua mguu.

Ukipata bobari zenye mipindo mbalimbali, usiizungushe patasi bapa kufuata duara kwa vipande vidogo vidogo. Tafuta bobari ambayo mpindo wake unalingana na mpindo wa petali, uisimamishe mara moja, ubonyeze. Wachongaji wa zamani walichora nakshi zao kwa kufuata bobari walizokuwa nazo, na ndiyo maana majani katika mwimo mmoja hufanana kama yamepigwa muhuri.

Nyundo ya chuma irudishe kwenye misumari. Jitengenezee nyundo ya mti, mkwaju au mpera unafaa, yenye uzito wa nusu kilo hivi.

Binti Seremala alijibu:

Ninakubaliana na Mzee Bobari kuhusu makali, ila ninadhani ameusamehe mvule kupita kiasi. Mimi ni seremala Mombasa, na mvule ninautumia kwa fremu na milango karibu kila wiki, lakini singempa mwanagenzi achongee nakshi yake ya kwanza. Nyuzi zake hupishana: ukanda mmoja umelalia kulia, unaofuata umelalia kushoto, kwa hiyo hata ukielekeza patasi vizuri, baada ya sentimita mbili unajikuta unakata kinyume cha nyuzi. Na lile jiwe lililokumegea patasi si bahati mbaya. Mvule huweka ndani ya mwili wake madini ya chokaa ambayo huganda yakawa magumu kweli, na huwezi kuyaona kutoka nje. Ongeza kwamba vumbi lake huwasha ngozi na kifua cha watu wengi, basi vaa barakoa unapolipiga msasa.

Ukiweza kupata kipande cha mninga kilichokauka vizuri, anza na huo. Hautanuki wala kusinyaa sana ukishakauka, unakatika safi, na rangi yake inaonyesha kivuli vizuri. Bei yake haichekeshi, ninajua, na ndiyo sababu kwa mazoezi ninapendekeza mwembe, ambao watu huudharau. Mwembe huliwa na wadudu na hubadilika rangi ukiachwa na unyevu, kwa hiyo si mti wa mlango wa nje, lakini kwa mbao za kujifunzia ambazo utazitupa ni mwalimu wa bei rahisi. Uwe mkavu tu. Ubao wa unene wa milimita 25 uliopasuliwa jana unahitaji karibu mwaka mmoja wa kukaa kivulini ukipitisha hewa, na ukiuchonga ukiwa mbichi, nakshi yako itapasuka ikiwa ukutani.

Jambo ambalo sikuelezwa na mtu yeyote nilipoanza, na ambalo lingeniokolea mwaka mzima, ni hili la mwelekeo wa kukata kuzunguka duara. Laza ubao wako nyuzi zikienda kutoka kushoto kwenda kulia. Duara lako lina pointi mbili, ya juu kabisa na ya chini kabisa, ambapo mstari unakwenda sambamba na nyuzi, na pointi mbili za pembeni, kushoto na kulia, ambapo mstari unazikatiza nyuzi. Kama ua ndilo linalobaki juu, anza kila mara kwenye pointi ya juu ukashuka kuelekea pembeni, kisha anza kwenye pointi ya chini ukapanda kuelekea pembeni. Usizunguke duara lote kwa mwendo mmoja kama anayefungua kopo. Ukifanya hivyo, robo mbili zitakuwa laini na robo mbili zitachanika, na utadhani mkono wako umebadilika njiani.

Patasi ya pembe ina mabawa mawili, na mahali mstari unapokwenda mshazari, bawa moja hukata kwa kufuata nyuzi na jingine hukata kinyume. Huwezi kulizuia hilo. Unachoweza kufanya ni kuchagua mwelekeo utakaoliweka bawa safi upande wa ua, na kuliacha bawa linalochana liharibu mbao ambayo utaiondoa hata hivyo. Ukichimba shimo la duara badala ya kuinua duara, kanuni inageuka: unaanzia pembeni kuelekea juu na chini.

Kwa mawimbi ya sakafu, dawa ni kifaa cha dakika tano. Chukua kipande cha mti kilichonyooka, kirefu kuliko upana wa nakshi yako, ukifunge skrubu katikati mpaka ncha yake itokeze milimita nane. Kilaze juu ya uso wa ubao, miguu yake ikikaa kwenye sehemu ambazo hukuzichimba, ukitelezeshe. Ncha ikikwaruza, hapo pako juu; paka alama ya penseli, punguza, rudia. Na usisawazishe mapema. Chimba sakafu yote kwa bobari kwa kukatiza nyuzi, ukiacha milimita moja, ndipo uingie na patasi bapa. Mawimbi yako yanatokana na kutaka kila kona ikamilike kabla ya kwenda kona nyingine.

Mstaafu wa Karakana aliongeza:

Hakuna aliyeuliza ubao umeshikwa na nini. Kama unaushika kwa mkono wa kushoto huku ukisukuma kwa mkono wa kulia, siku moja utashonwa kiganja, na mimi nina kovu la nyuzi sita la kukuonyesha. Ubane mezani kwa jiriwa au kwa klampu mbili, au upigilie vipande vya mbao pande zote nne za ubao. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali: wa kulia unasukuma, wa kushoto unashika chuma chenyewe karibu na ncha na kukizuia kisiruke. Utagundua pia kwamba nusu ya kutetemeka kwa mistari yako kulikuwa kutetemeka kwa ubao.

Mwana wa Amu alijibu:

Wenzangu wamelijibu swali la chuma na la mti. Mimi nitajibu la biskuti, kwa sababu naliona ndilo gumu zaidi, na pia ndilo ambalo patasi kali haitalitatua.

Ua lako linafanana na biskuti kwa sababu lina viwango viwili tu, juu na chini. Umechora picha kwa bikari, ukaondoa mbao isiyo ndani ya picha, ukadhani umemaliza, kumbe hapo ndipo kazi ya nakshi inapoanza. Kabla ya kukata, andika namba juu ya mchoro. Tuseme sakafu yako iko milimita kumi chini ya uso wa ubao. Kitovu cha waridi kiachie sifuri, yaani usikiguse. Mahali petali inapotoka kitovuni, andika tano, kwa maana lazima itumbukie kidogo ili kitovu kipate kuonekana kimekaa juu yake. Katikati ya petali andika mbili, pale inapofura, na kwenye ncha yake andika sita, inapoinama kuelekea sakafu. Petali zinazopishana zipe tofauti: ile inayopita chini ishuke milimita tatu zaidi mahali inapoingia chini ya mwenzake. Sasa una ramani ya vilima na mabonde, na unajua kila patasi inakwenda wapi kabla ya kuinyanyua.

Ukishindwa kuiona ramani hiyo kichwani, finyanga petali moja kwa udongo wa mfinyanzi, kwa ukubwa uleule. Nilikuwa nikiwacheka waliofanya hivyo mpaka nilipoharibu ubao mzuri wa mkongo.

Hiyo taa ya dari ndiyo mdanganyifu wako mkubwa. Nakshi haina rangi. Ina kivuli tu, na taa inayotoka juu moja kwa moja inakifuta kivuli chote. Fanyia kazi karibu na dirisha asubuhi, au weka taa moja chini, ubavuni mwa ubao, mwanga ukipita karibu sambamba na uso wake. Usishtuke utakapoona mabonde ambayo hukujua kwamba yapo. Kila unapomaliza hatua, geuza ubao ili mwanga utoke upande mwingine, kwa sababu kuna kosa ambalo upande mmoja hulificha.

Umetaja mlango wa Pangani. Rudi ukautazame jioni, jua likiwa limelala, na ukipata ruhusa ya mwenye nyumba weka karatasi nyembamba juu ya sehemu moja ya mwimo, usugue taratibu kwa penseli iliyolazwa ubavu. Utapata alama ya kila kingo kwa ukubwa wake halisi, na utaona jinsi mchongaji alivyozigawa nafasi. Picha ya simu haikupi hilo, kwani hupotosha vipimo kwenye kingo. Usisugue mahali palipopakwa rangi inayobanduka au palipooza. Milango hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi sote, na alama ya penseli ikipenya kwenye mti mkavu haitoki.

Kuna ushauri mmoja ambao huenda wenzangu wakaupinga. Liache waridi kwa muda. Kwetu Lamu tunazo namna nyingi za nakshi. Ipo ile ya majani na maua yanayofura, ambayo watu wakisikia mlango wa Zanzibar ndiyo wanayoiwaza. Ipo pia ile ya Siyu na ya Kibajuni, ya maumbo ya kijiometri, yenye duara na pembe zilizokatwa kwa mikato mifupi isiyo na kina kikubwa, na mara nyingi ikitiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hii ya pili ni chuo kizuri kwa anayeanza, kwa sababu inahitaji bikari, rula, na mkato mmoja uliorudiwa mara mia. Huwezi kujificha ndani yake; mkato wa 40 ukiwa tofauti na wa 39, kila apitaye anauona. Ndipo baadaye uende kwenye majani. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945 na ambaye jina lake limebaki kwenye aina moja ya nakshi za hapa kwetu, alikuwa pia mshairi na mwandishi wa hati za Kiarabu. Sishangai. Mtu aliyezoea kulirudia umbo moja la herufi kwa kalamu mpaka mkono ulijue wenyewe alikuwa amekwisha kufanya nusu ya mazoezi ya patasi.

Mzee Bobari alijibu tena:

Mwana wa Amu, sipingi, naongeza tu. Hata katika majani, chagua jani moja, ulichonge mara kumi juu ya ubao mmoja, kwa safu, ukiandika tarehe chini ya kila moja. Mwanafunzi anayechonga mlango mzima wa kwanza hujifunza kidogo kuliko anayechonga jani la kumi, kwa kuwa kwenye mlango anahangaika kumaliza. Suala la mvule namwachia Binti Seremala. Amesema kweli, mimi nimezoea tu.

Mwanagenzi wa Tanga aliandika baada ya wiki sita:

Shikamoo Mzee Bobari, na salamu kwa wote walionijibu. Nimeona ni adabu kurudi kueleza matokeo.

Niliweka mvule kando nikapata mbao tatu za mwembe kutoka kwa jirani aliyekuwa ameziweka juu ya dari ya banda la kuku tangu mwaka juzi. Jaribio la msonobari lilinifedhehesha: patasi zote sita zilichana, hata ile niliyokuwa nimeinoa asubuhi hiyo. Ilinichukua Jumamosi mbili nzima za msasa juu ya kioo mpaka bobari ya kwanza ikaacha mfereji unaong'aa, na mke wangu alinikuta nikikitazama kipande hicho cha msonobari kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayesoma barua.

Nimechonga jani moja mara kumi na moja. La kwanza hadi la nne ni aibu. Kwenye la tano nilisahau mwelekeo wa nyuzi, nikazunguka kwa mwendo mmoja kama anayefungua kopo, na ncha ikaruka tena. Nilikitafuta kibanzi kwenye mchanga wa uani kwa robo saa bila kukipata. Tangu la saba kingo zimesimama. Skrubu ya kupimia kina imemaliza mawimbi kabisa, na kwa kweli nimeona haya kwamba kifaa chenyewe ni rahisi hivyo. Namba za kina ndizo zilizonishinda mwanzoni, kwani niliziandika kisha nikazichonga zikaondoka na maranda, nikabaki sijui niko wapi. Sasa ninabakiza nakala ya mchoro pembeni na kuhamishia mistari kwa karatasi ya kaboni kila inapofutika.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, nipige msasa juu ya nakshi ikishakamilika? Na nipake nini ili mwembe usibadilike rangi?

Binti Seremala alijibu:

Hongera, na mara nyingine tandika shuka kuukuu chini ya meza kabla ya kuanza, maana kibanzi kilichoruka chenyewe ndicho kiraka bora kuliko vyote. Gundi nyeupe ya mbao kidogo, karatasi ya gundi ya kukishikilia, usiku mmoja, na mshono hauonekani.

Msasa usiupige juu ya kingo. Kinachoipa nakshi uhai ni ule mkutano mkali wa nyuso mbili, nao msasa huula kwanza. Zaidi ya hayo, chembe za msasa hubaki ndani ya nyuzi, na ukirudi na patasi baadaye zitakula makali yako. Ninajua baadhi ya wateja hutaka sanduku laini kama sahani, na kwa kazi ya kuuza ninapiga namba 320 kwenye sehemu zilizofura pekee, baada ya patasi zote kurudi sandukuni. Kwa jani lako la kujifunzia, acha alama za patasi zionekane.

Mzee Bobari alijibu:

Marahaba, kijana. Kwa mwembe uliokauka na utakaokaa ndani ya nyumba, mafuta ya kitani yanatosha. Paka kwa brashi mpaka mbao ikatae kunywa, subiri dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu, hasa kwenye kona za sakafu ambako hujikusanya na kuganda yakawa kama ute. Rudia baada ya siku mbili au tatu. Mwembe utaiva kuelekea rangi ya asali; kuuzuia kabisa usibadilike huwezi, na mimi nisingejaribu. Vanishi nzito iache, inajaza mifereji uliyoichimba kwa wiki sita.

Kitambaa ulichofutia mafuta hayo usikikunje wala usikitupe kwenye pipa la maranda. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kushika moto chenyewe bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Kianike wazi juu ya kamba uani mpaka kikauke na kuwa kigumu, au kichovye majini, kisha ndipo ukitupe. Halafu tuwekee picha ya jani la kumi na moja, ukiwa umeweka taa ubavuni.